Askari Akikutana na Mzee Aliyepotea: Jinsi ya Kuutambua Ugonjwa wa Kusahau

Mazungumzo ya elimu kwa umma, kwa mabaraza ya wananchi wa Meru na Embu



Mada ya leo ni ugonjwa wa kusahau, ambao madaktari huuita demensia, na kazi ya askari polisi anapokutana na mtu mwenye ugonjwa huo. Huenda wengine wakajiuliza polisi wanaingiaje katika mambo ya hospitali. Jibu ni kwamba mzee aliyesahau njia ya nyumbani mara nyingi hapatikani kwanza na daktari. Hupatikana na mlinzi wa usiku, mwendesha boda boda, mwenye duka au askari wa doria. Yatakayompata baada ya hapo yanategemea kama huyo aliyemkuta anaelewa anachokiona.

Chukua mfano. Ni saa tatu usiku na simu imepigwa kituoni kwamba kuna mtu anatikisa lango la boma la watu karibu na Nkubu. Askari wawili wanafika na kumkuta mzee wa miaka themanini na kitu. Koti amelivaa ndani nje, na mguuni ana kiatu kimoja. Anasema hilo ni boma lake na waliomo ndani ni wezi. Anaulizwa kitambulisho, hana. Anaulizwa chifu wake ni nani, anataja chifu aliyestaafu zamani. Anaambiwa apande gari, anakataa na kuanza kurusha mikono.

Majirani waliokusanyika watakuwa na majibu yao. Mmoja atasema ni mlevi, mwingine mwizi, mwingine mwendawazimu. Atakayesema ni mchawi ndiye wa hatari zaidi. Kila jibu lina matokeo yake: mlevi hutiwa seli, mwizi hupigwa, na anayeitwa mchawi anaweza kuuawa. Askari aliyefundishwa ana jibu lingine la kufikiria kwanza: huyu ni mgonjwa, na mahali fulani kuna watu wanaomtafuta.

UGONJWA WENYEWE

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa wakiishi na demensia, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama Kenya. Kila mwaka huongezeka wagonjwa wapya karibu milioni 10. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Katika sensa hiyo Meru ilikuwa na watu 1,545,714 na Embu 608,599. Kadiri watu wanavyoishi miaka mingi zaidi, ndivyo familia nyingi zaidi zitakavyoujua ugonjwa huu.

Demensia ni jina la jumla la hali inayoletwa na magonjwa kadhaa ya ubongo. Ugonjwa wa Alzaima ndio unaoongoza, ukiwa chanzo cha asilimia 60 hadi 70 ya visa. Chanzo kingine ni kuharibika kwa mishipa ya damu ya ubongo, mara nyingi baada ya kiharusi au presha isiyotibiwa. Ingawa uwezekano wake huongezeka na umri, demensia si sehemu ya kawaida ya kuzeeka. Kulikosea jina la mjukuu mmoja kati ya kumi na wawili ni jambo la uzee. Kupotea kwenye njia ya kiwanda cha kahawa ambayo mtu ameipita kwa miaka 40 ni dalili ya ugonjwa.

Jambo la kuelewa ni kwamba kumbukumbu za karibuni hupotea kwanza, na za zamani hubaki kwa muda mrefu. Ndiyo maana mzee anaweza kushuka kwenye steji ya Embu na kuulizia ofisi za Mkoa wa Mashariki, ambao makao yake makuu yalikuwa mjini humo kabla serikali za kaunti hazijaanza kazi mwaka 2013. Mwingine kutoka Tharaka Nithi atasema kwao ni Wilaya ya Meru, kama ilivyokuwa ujanani mwake. Askari asiyejua atadhani anadanganywa. Anayejua atayachukua maneno hayo kama fununu, kwa sababu mzee anasema kweli, ila ni kweli ya miaka 40 iliyopita. Jina la shule, kanisa au soko analolitaja linaweza kumwelekeza askari kwa jamaa zake.

KWA NINI SARE INAWEZA KUMTISHA

Hapa kwetu kuna sababu ya ziada ya kwenda polepole. Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 1952 na kudumu hadi 1960. Kuanzia 1954 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu watu wa jamii za Wakikuyu, Waembu na Wameru na kuwaweka katika vijiji vilivyozungukwa na mitaro, chini ya ulinzi na amri ya kutotoka nje. Mtu aliyezaliwa 1944 alikuwa na miaka kumi wakati huo. Leo ana zaidi ya miaka themanini.

Ubongo unapopoteza ya jana na kubaki na ya utotoni, mwanga wa tochi usoni, sauti ya kuamrisha na mkono unaomshika kwa nyuma vinaweza kumrudisha mzee katika usiku wa miaka hiyo. Anapokimbia au kujikunja chini, huenda hamkimbii askari wa leo. Kumfokea zaidi ni kuithibitisha hofu yake.

YALIYOTOKEA KWINGINE

Nchi zenye polisi wenye vifaa vingi zimejifunza somo hili kwa uchungu. Juni 2020, katika mji wa Loveland, jimbo la Colorado, Marekani, askari walimkamata mama wa miaka 73 mwenye demensia aliyetoka dukani na bidhaa zisizofika dola 14 bila kulipa. Alikuwa akitembea kuelekea kwake akichuma maua. Aliangushwa chini, akavunjwa mkono na kuteguliwa bega. Mji ulilipa fidia ya dola milioni 3, na mwaka 2022 askari aliyemkamata akahukumiwa kifungo cha miaka mitano. Mei 2023, huko Cooma nchini Australia, askari alimpiga kwa bunduki ya umeme mama wa miaka 95 mwenye demensia aliyekuwa ameshika kisu, akitembea kwa kutumia kigari cha kujishikilia. Mama huyo alianguka, akafariki siku chache baadaye, na askari akapatikana na hatia ya kuua bila kukusudia.

Zipo pia nchi zilizojipanga mapema. Japani ilianza mwaka 2005 kuwafundisha raia wa kawaida, wakiwemo askari, wafanyakazi wa benki na wenye maduka, namna ya kumsaidia mtu mwenye demensia. Somo hilo huchukua kama saa moja na nusu, na zaidi ya watu milioni 10 wamelipata. Huko, mwaka 2023 pekee, polisi walipokea ripoti zaidi ya 19,000 za watu wenye demensia waliopotea. Nchini Uingereza familia hujaza mapema fomu yenye picha ya mgonjwa, dawa zake na sehemu anazopenda kwenda, ili akipotea polisi wasianze kuuliza maswali upya. Utaratibu huo unaitwa Herbert Protocol, kwa jina la George Herbert, mwanajeshi mkongwe wa vita vya Normandy aliyeishi na demensia.

Kenya nayo ina kidonda chake. Oktoba 2021, katika kijiji cha Nyagonyi, Marani, Kaunti ya Kisii, kina mama wanne wazee waliuawa na umati kwa tuhuma za uchawi. Mzee anayepatikana usiku katika boma la watu, akiongea peke yake au akiwa nusu uchi, yuko karibu sana na hatari hiyo. Sheria ya Uchawi, iliyopo tangu 1925, inafanya kuwa kosa kumshutumu mtu uchawi mbele ya watu wasio na mamlaka. Wanaoanza kupiga kelele za “mchawi” ndio wanaovunja sheria, na askari anayefika hapo anapaswa kumlinda mzee kwanza.

ANACHOHITAJI KUFUNDISHWA ASKARI

Mafunzo ya kazi hii hayahitaji vifaa vya bei. Yana sehemu tatu: kutambua, kukaribia na kukabidhi.

Kutambua. Mzee haijui siku wala mahali alipo. Anarudia swali lile lile. Mavazi hayalingani na hali ya hewa. Anasema anakwenda kwa mama yake, ilhali yeye mwenyewe ana miaka themanini. Amechukua kitu dukani bila kulipa na haoneshi kuficha. Hali inaweza kuwa mbaya zaidi jioni jua linapozama. Si wote walio wazee pia: kuna aina za demensia zinazoanza katika miaka ya hamsini, na hubadilisha tabia kabla ya kumbukumbu.

Hapa kuna onyo moja. Demensia huja polepole, kwa miezi na miaka. Mtu aliyekuwa timamu jana na leo amechanganyikiwa ghafla anaweza kuwa na malaria kali, nimonia, maambukizi ya mkojo, kiharusi au sukari iliyoshuka. Huyo apelekwe hospitali mara moja, hata kama ananuka pombe. Kumwacha seli “alale hadi pombe iishe” kunaweza kumuua.

Kukaribia. Askari mmoja aongee, wengine wakae nyuma. King’ora kizimwe, redio ipunguzwe sauti, tochi ielekezwe chini. Amkabili kwa mbele, asimame upande kidogo ili asimzibie njia, na amsalimu kwa heshima ya umri: “Shikamoo mzee”, “Mama, habari ya jioni”, au “Muuga” kwa aliyezoea Kimeru. Wengi wenye ugonjwa huu hurudi kwenye lugha ya kwanza, kwa hiyo askari asiyejua Kimeru, Kiembu au Kimbeere amtafute jirani wa kumsaidia. Aulize swali moja fupi, kisha asubiri jibu bila kuharakisha. Asibishane naye. Mzee akisema anakwenda kukamua ng’ombe waliouzwa zamani, ni afadhali kumwambia, “Twende pamoja, unielekeze,” kuliko kumwambia hana ng’ombe. Pingu na nguvu ziwe za mwisho kabisa, pale tu maisha ya mtu yako hatarini.

Kukabidhi. Atazamwe kama ana majeraha, apewe maji na kitu cha kujifunika. Mifuko yake inaweza kuwa na kadi ya kliniki au namba ya simu. Asichanganywe na mahabusu. Akirudishwa nyumbani, akabidhiwe kwa mtu mzima anayetambulika, na jambo liandikwe kwenye kitabu cha matukio, yaani OB. Mzee aliyepotea mara ya tatu mwezi huu ana familia inayohitaji msaada, au ametelekezwa. Kumbukumbu za OB ndizo zitakazoonesha.

Kuna kosa jingine ambalo mafunzo lazima yalizuie, nalo ni kumpuuza mzee kwa sababu ni mgonjwa. Ni kweli kwamba mwenye demensia anaweza kudai ameibiwa pesa alizozificha mwenyewe. Lakini wapo wanaoibiwa kweli, wanaopigwa nyumbani, na wanaowekewa karatasi za shamba mbele yao watie kidole. Maneno “ameshachanganyikiwa huyo” humfaa sana anayemwibia. Askari aandike taarifa, aulize majirani na kuchunguza. Ugonjwa wa mzee haumwondolei haki ya kusikilizwa.

SHERIA INASEMAJE

Kifungu cha 57 cha Katiba kinawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima, bila kudhulumiwa, na kupata matunzo kutoka kwa familia na Serikali. Kifungu cha 244 kinaitaka Huduma ya Taifa ya Polisi iwafundishe maafisa wake wawe na ustadi wa hali ya juu na kuheshimu haki za binadamu na utu. Kwa hiyo somo hili limo ndani ya wajibu ambao Katiba tayari imewapa polisi.

Sheria ya Kanuni za Adhabu, kifungu cha 12, inasema mtu hana hatia ya jinai ikiwa, kwa sababu ya ugonjwa wa akili, hakuweza kuelewa alichokuwa akifanya au kwamba hakupaswa kukifanya. Nayo Sheria ya Afya ya Akili, ilipotungwa mwaka 1989, iliwapa wakuu wa vituo vya polisi, machifu na manaibu wao uwezo wa kumchukua mtu anayeonekana kuwa na maradhi ya akili katika eneo lao, kwa sharti kwamba afikishwe hospitalini ndani ya saa 24 au muda unaofaa. Lengo lake ni matibabu. Seli ya polisi si wadi.

KAZI YA FAMILIA NA MAJIRANI

Watu wengi huamini kwamba lazima wasubiri saa 24 kabla ya kuripoti mtu aliyepotea. Hakuna sheria inayoitaka familia isubiri. Saa 24 zilizo katika Katiba, kifungu cha 49, zinawabana polisi, ambao wanapaswa kumfikisha mshukiwa mahakamani katika muda huo. Mzee mwenye demensia akikosekana jioni kule Timau, baridi ya usiku haitamsubiri. Vivyo hivyo kwa wanaoishi kando ya msitu wa Imenti wenye ndovu, au karibu na Kiambere na mabwawa mengine ya mto Tana huko Mbeere. Piga 999 au 112, au nenda kituo kilicho karibu, toa ripoti na uchukue nambari ya OB. Mjulishe pia naibu wa chifu na kikundi cha Nyumba Kumi.

Huku ukisubiri, anzeni kutafuta karibu. Uzoefu wa waokoaji sehemu nyingi duniani unaonesha kwamba wenye demensia mara nyingi hupatikana si mbali na walikoonekana mara ya mwisho. Hutembea hadi wanakwama penye kichaka, mtaro au ua. Wengi hawaiti msaada wala hawaitiki wakiitwa jina. Kusimama barabarani na kupaza sauti hakutoshi. Ni lazima mwingie katikati ya mistari ya kahawa, majani chai, miraa na mahindi, na kuangalia chooni, ghalani na kwenye nyumba ya zamani ya familia.

Andaeni mapema karatasi moja ya mzee: picha ya karibuni, jina lake kamili na lile analoitwa kijijini, lugha anazosema, dawa anazotumia, alikozaliwa, alikofanya kazi, kanisa au msikiti wake, na namba za simu za watu wawili. Kwa kuwa hizi ni habari za afya zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, zipewe tu wale wanaozihitaji. Kipande cha kitambaa chenye namba ya simu kinaweza kushonwa ndani ya koti lake. Kumfungia ndani peke yake au kumfunga kamba si ulinzi. Moto ukizuka, hana pa kutokea.

KAZI YA SERIKALI

Ni vyema wananchi waelewe mpaka wa mamlaka. Polisi wako chini ya Serikali ya Kitaifa, na gavana hana uwezo wa kumwamuru askari. Huduma za afya, kwa upande mwingine, ziko chini ya kaunti, zikiwemo Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Meru na Hospitali ya Embu Level 5. Daktari anaweza kuutambua ugonjwa, lakini hawezi kuwa barabarani usiku. Askari yuko barabarani, lakini hawezi kuupima ugonjwa. Mgonjwa huangukia katikati yao wasipozungumza.

Sheria imeweka mahali pa kuzungumzia. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi imeunda Mamlaka ya Polisi katika kila kaunti, ambayo mwenyekiti wake ni gavana au waziri wa kaunti aliyemteua. Ndani yake wamo wakuu wa polisi wa kaunti, wawakilishi wadi na wanajamii, na moja ya kazi zake ni kupendekeza malengo ya utendakazi wa polisi. Mwananchi anayetaka askari wa kituo chake wafundishwe kuhusu demensia anaweza kulipeleka ombi hilo huko kupitia mwakilishi wadi, chifu au kamati ya polisi jamii. Somo la nusu siku, likitolewa na muuguzi wa afya ya akili pamoja na mtu anayemtunza mgonjwa, linatosha kuanzia. Wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao zaidi ya 100,000 walizinduliwa kote nchini Septemba 2023, huingia nyumba hadi nyumba na wanaweza kujua ni boma lipi lina mzee anayeanza kupotea.

Kabla ya baraza kuvunjwa, kila mmoja amfikirie mzee mmoja kwao ambaye siku hizi anarudia maswali au amewahi kukosa njia. Mpelekeni hospitali apimwe, kwa sababu baadhi ya visababishi vya kusahau, kama upungufu wa vitamini B12 au matatizo ya tezi la shingo, vinatibika. Kisha andikeni ile karatasi yake wiki hii, na mwambieni jirani ukweli badala ya kuficha kwa aibu. Askari atakayemkuta usiku atakuwa na mahali pa kuanzia.